Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Shangazi yangu anapiga picha za familia zenye watoto wadogo. Hana pazia la maua, wala hamwambii mtu acheke. Anakuja kwako, anavua viatu, analala kifudifudi kwenye zulia na kucheza na mtoto nusu saa nzima, kamera ikiwa bado begini. Viwiko vimeota sugu. Miaka kumi na moja hiyo, na mimi nilidhani ni kazi safi, mpaka Jumapili moja nilipomsindikiza kwa mteja.

Mama mwenye nyumba aliagiza picha za kujiachia. Halafu akamvalisha binti yake wa miaka mitatu nguo nyeupe pee na kumkataza kukaa chini. Jiachie, ila usichafuke. Baba alikuwepo kiwiliwili tu, macho yako kwenye simu. Mtoto akawa mgumu kama gogo. Kila akipakatwa na mama anajinyonga kutazama mlango wa jikoni, kwa sababu huko ndiko aliko dada wa kazi, aliyemlea tangu ana wiki sita.

Mwisho mama akasalimu amri, akamwita dada asimame nyuma ya kamera amchekeshe. Wapi! Mtoto alichomoka, akakikamata kidole cha dada, akacheka mpaka macho yakapotea. Shangazi akageuza kamera, akabonyeza. Siku nzima, hiyo ndiyo picha pekee iliyokuwa na uhai.

Tukiwa tunafungasha, dada akamnong'oneza shangazi. Jumamosi anaacha kazi, anarudi kwao. Anaomba hiyo picha tu, maana hana hata moja na mtoto huyu, na kisimu chake cha tochi hakipokei picha.

Kesho yake, baada ya kutumiwa picha, mama akapiga simu. Ile ya kicheko ameipenda sana.

"Ila huyo dada mtoe, unipachike mimi hapo. Si kazi ya kompyuta tu?"

Nikamwambia shangazi akatae. Hata hakugeuka.

"We mtoto, nusu ya zile ulizozisifia humu ndani nimezifanya hivyohivyo."

Nikakaa pale namwangalia. Akafuta uso wa dada, akafuta mabega, akambandika mama kutoka picha nyingine. Mkono tu ndio ulimshinda, mtoto alikuwa ameung'ang'ania. Basi mama mwenye kucha ndefu nyekundu akatoka na mkono wa kucha fupi, ngozi imepasuka kwa sabuni.

Ijumaa tukaipeleka ikiwa kwenye fremu. Mama akaitundika sebuleni papo hapo, akarudi nyuma hatua mbili kuifurahia. Hakuona kitu. Baba alisema nzuri kabla hajainua kichwa.

Shangazi akazunguka mlango wa nyuma, akampa dada ile halisi kwenye bahasha. Dada akaitazama kwa muda mrefu, akaifuta kwa aproni ingawa haikuwa na vumbi. Halafu akairudisha.

"Kesho nikitoka begi langu litakaguliwa, anti. Akiikuta ataichana. Kaa nayo wewe, nitaifuata."

Wiki ya saba hii, hajaja. Namba yake haipatikani. Picha iko ukutani juu ya kompyuta ya shangazi, na wateja wakiiona wanasema mama na mwana wamefanana kweli. Shangazi anaitikia "eeh," anaendelea kufuta watu.