Mama Gaël Aingia Kabla ya Wakati

Jeannine, ambaye watu wote walimwita Mama Gaël, alikuwa msusi pale Doornfontein, mtaa wa Johannesburg, na akishika kitana mdomo wake haupumziki. Ila kwa Kiingereza alikuwa bubu. Sasa alitaka kusomea kazi ya kulea watoto wa chekechea, na chuo cha jamii kilimwambia wazi: afaulu kwanza mtihani wa kuongea, la sivyo kozi ya mwaka huo wa 2017 aisahau.

Basi akaingia darasa la kunoa Kiingereza. Mwalimu alikuwa Serah, Mkenya aliyehamia Johannesburg juzijuzi kumfuata mumewe, mtu wa benki kule Sandton. Serah akishasema neno lina maana hii, ni hiyo hiyo, hakuna mjadala. "Just now ni sasa hivi," aliwafundisha. "Si kesho, si baadaye."

Siku ya mtihani Mama Gaël alikaa kwenye benchi la koridoni, akimchunguza kila anayetoka: yule amenuna, huyu anafuta jasho. Akaanza kuizungusha pete yake kidoleni. Kando yake alikaa Pacifique, fundi cherehani wa darasa lao.

"Mama Gaël, ukizidi kuzungusha hiyo pete, kidole kitang'oka."

"Niache, baba. Wewe hata ukikosea unacheka."

"Sasa nikilia ndiyo Kiingereza kitakuja?"

Mlango ukafunguka. Mtahini, mama wa Soweto mwenye miwani mikubwa, akachungulia. "Jeannine? Nitakuita just now." Akafunga.

Mama Gaël akaruka kama aliyekalia sindano, akausukuma mlango. Mtahini ndiyo kwanza ameuma andazi lililojaa nyama ya kusaga, mashavu yamevimba.

"Nimesema just now," akasema kwa shida.

"Ndiyo, madame. Nimekuja."

"Just now, mama. Bado."

Serah alikuwa koridoni, akasikia. Akaingia mbio.

"Samahani, dada. Just now ni sasa hivi."

"Kwenu labda. Hapa Joburg ni baadaye, nikishakula."

Wakavutana kwa adabu, kila mmoja akitabasamu na meno yamekaza. Mwisho wakamgeukia Mama Gaël kwa pamoja. "Hebu wewe sema."

Hofu ikamfungua kinywa. Kiingereza kikamtoka kikichechemea, lakini kikamtoka.

"Mteja akisema anakuja just now, nakaa na kitana mpaka tunafunga saluni. Mwalimu anasema ni sasa hivi. Yeye namwogopa. Wewe pia nakuogopa. Kwa hiyo nimekuja sasa, na ukitaka nitakuja tena baadaye. Ila usinifukuze kabisa, maana Gaël wangu ananicheka kila nikifungua mdomo."

Mtahini akaweka andazi chini, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Serah naye akashika mlango asianguke.

"Inatosha," mtahini akasema akifuta machozi. "Wenzako wote nimewavuta maneno kwa kamba. Wewe umefaulu. Nenda."

Mama Gaël hakwenda. Alikuwa ameshavuta kiti, anamweleza mtahini, kwa Kiingereza kile kile, kwamba nywele zake zinakatika mbele kwa sababu anayemsuka anakaza mno.

Pacifique akachungulia mlangoni. "Mama Gaël, ni zamu yangu."

"Ngoja kidogo, baba," akamjibu bila kugeuka. "Huoni tunaongea?"