Siku Niliyobaki na Seva

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma ina seva moja. Ndani yake kuna programu inayoigawa seva hiyo iwe kama kompyuta tano, kila moja na kazi yake: nyaraka za malori, mishahara, barua pepe na kadhalika. Mwenye kuitunza ni mimi peke yangu, na nakiri jambo hilo lilinipa kichwa kikubwa.

Programu ile tuliinunua mara moja, tukaamini mambo yamekwisha. Kisha walioitengeneza wakabadili masharti: leseni ya kudumu haipo tena, lipia kila mwaka, na asiyelipia hapewi viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya programu. Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa nyumba kisha akadaiwa kodi. Bosi alilipa bila kelele. Wiki hiyohiyo likatoka tangazo: programu ina tundu, wezi wa mtandaoni wameanza kulitumia, wekeni kiraka haraka.

Kuweka kiraka ni lazima uzime seva. Nami ningezima saa ngapi, wakati foleni ya malori ya kwenda Zambia haikatiki? Bosi sikumuuliza. Nilijijibia mwenyewe kwamba atakataa.

Siku ya tatu tukapata msiba. Mama wa meza ya nyaraka, aliyenipokea nilipoanza kazi na kunifundisha yote ninayoyajua kuhusu forodha, alifiwa na mama yake mzazi kule Ibaba, Ileje. Kwetu msiba wa mwenzako ni wako. Ofisi ikafungwa, basi dogo la Coaster likakodiwa, wote wakaenda kuzika. Mimi nikaona nafasi imejileta yenyewe, nikasema nabaki na seva.

Nilizima, nikaweka kiraka, nikawasha. Kompyuta zote tano zikarudi salama. Dakika arobaini tu; Coaster ilikuwa haijafika hata Isongole, njiani kwenda Ibaba. Nilifurahi kidogo, kisha nikakaa mchana kutwa nikisikiliza feni ya seva.

Mama aliporudi kazini alipita meza kwa meza kushukuru. Kwangu akasimama.

“Vijana wa ofisini walipokezana majembe kufukia kaburi,” alisema. “Nilikutafuta, mwanangu.”

“Mama, seva ilikuwa na tundu. Tungeibiwa.”

“Haya. Umeliziba?”

“Nimeliziba.”

“Vizuri,” akasema, akaenda meza inayofuata. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumwambia pole.

Jumamosi nilikwenda Ibaba peke yangu, na kilo mbili za sukari. Nilimpa pole kaka yake Mama, naye akanionyesha kaburi. Udongo ulikuwa umeshasawazishwa vizuri. Hakukuwa na kazi iliyobaki.

Mwezi uliofuata kikatoka kiraka kingine, maana programu hizi haziishiwi matundu. Safari hii nilikwenda kumuuliza bosi.

“Zima saa saba, watu wakienda kula,” alisema, bila hata kuinua macho.

Saa saba nikazima. Mama hakuwa ametoka. Alibaki mezani na chapati yake na chai. Aliuona mfumo ukipotea kwenye kompyuta yake, na chai ilipoisha akauona ukirudi. Akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.

“Ni hivyo tu?” akauliza.

Nikamwambia ndiyo, Mama, ni hivyo tu.