Asiyeuliza Jina

Libérata wa Burungu alikuwa na ng'ombe watano, binti mmoja, na Mungu asiyeuliza jina. Ng'ombe na binti watu waliwaona ni mambo ya kawaida. Huyo wa tatu ndiye aliyewanyima usingizi.

Kila asubuhi, akishakamua, kabla maziwa hayajaingia kwenye bidoni, dumu la motari anayeyabeba kwa pikipiki, alichota kikombe kimoja, akasimama mlangoni mwa zizi, akamwaga kidogo kwenye majani. "Ulinipa bila kuniuliza jina," alisema. "Na miye sikuulizi jina. Kunywa." Kisha alifungua, ng'ombe wakatoka kwenda kilimani, naye akaenda kuosha vyombo. Ngoma hakuna, hirizi hakuna, hata kupiga magoti hakuna. Basi, ni hayo tu.

Yalianzia barabarani, mwaka wa vita, alipokimbia kuelekea Mweso na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Maziwa yalikuwa yamemkauka kifuani. Mtoto alikuwa ameacha hata kulia, na mama yeyote anajua hapo mambo yamefika wapi. Siku zile swali la kwanza njiani lilikuwa jina. Jina lilisema wewe ni wa nani, na likiisha kusema, ama unapita ama hupiti. Libérata alikuwa ametayarisha majina matatu, kwa watu wa namna tatu.

Kando ya njia alisimama mwanamume na ng'ombe mmoja, wote wawili wameloa mvua. Yule mtu alimtazama mtoto, akachuchumaa, akakamua, akampa mama kikombe. Akampa cha pili. Libérata alikuwa akinywesha huku akingoja swali. Swali halikuja. Alipotaka kushukuru, mtu akamwambia, "Enda, mama, mutoto asilowane," na wakaachana. Jina la yule mtu halijui hadi leo.

Amani iliporudi kidogo, akarudi Burungu akiwa mjane, akapata ng'ombe wa kwanza. Asubuhi ya kwanza ya maziwa alitaka kupeleka shukrani lakini hakujua azipeleke wapi. Akazimwaga pale pale mlangoni mwa zizi.

Msidhani makanisa hakuyajaribu! Alikwenda parokia, akaenda kwa walokole, akaenda hata kwa wale wanaovaa nyeupe. Kila alikoingia alikuta meza, kaye, lile daftari la majina, na mtu mwenye kalamu ya biki: "Jina, mama?" Walikuwa watu wazuri, hawakumaanisha ubaya. Lakini akili ilikimbilia yale majina yake matatu, akatoka kwa adabu na hakurudi.

Sasa mkatekista Théophile, jirani yake, mtu mwema ila masikio yake hayana mlango, alipita asubuhi moja akadaka nusu ya maneno. Sikuulizi jina. Alipofika kwake yalishageuka: jina lake haliulizwi. Kufikia dominika Burungu nzima ilishajua kwamba mama Libérata analisha kitu ambacho jina lake halitajwi. Na kitu cha namna hiyo, jamani, wote wanajua ni nani.

Yangeishia kwenye vicheko vya kisimani, kama Muhawenimana, yule mtoto wa mgongoni, hangekuwa amechumbiwa. Baba wa kijana, Papa Sebarenzi, mfugaji wa upande wa Kitchanga, alituma neno: atakuja mwenyewe ijumaa asubuhi, aone nyumba hii kwa macho yake. Akikuta mashetani, harusi hakuna.

"Mama, nakuomba," Muhawenimana alisema alhamisi, machozi tayari. "Siku moja tu. Usimwage."

"Ile siku ulikuwa kwa mugongo yangu, kama yule mutu angesema siku moja tu, wewe ungekufa!"

Lakini alimtazama binti yake, na hasira ikamwisha. Alimpenda kuliko maneno yake ya asubuhi. "Sawa," akasema. "Kesho nitanyamaza." 

Ijumaa Sebarenzi akafika mapema, kofia kichwani na fimbo mkononi. Théophile alikuwa nyuma yake, amejialika mwenyewe. Libérata alikamua. Akafungua zizi bila kusema neno.

Ng'ombe hawakutoka.

Alimpiga Bihogo, yule mwekundu wa mbele, kofi la mgongoni. Bihogo akageuza shingo akamtazama. Wote watano walikuwa wamezaliwa kwenye zizi hilo, na hawakuwahi kutoka bila kuambiwa yale maneno. Walisimama wakitafuna, wamejaa mlangoni.

"Iko nini?" Sebarenzi aliuliza. Alijua ng'ombe kuliko alivyojua watu. "Hizi ngombe zinangoja kitu."

"Si nilikuambia, Papa!" Théophile akaruka. "Hata ngombe zimeingiliwa!"

Libérata alifunga mdomo. Alikuwa amempa binti yake neno.

Ndipo Muhawenimana akatoka jikoni. Alimpita mkwe wake mtarajiwa, akachota kikombe, akamwaga kidogo kwenye majani. Maneno aliyajua yote, na hakuna aliyewahi kumfundisha. "Ulinipa bila kuniuliza jina. Na miye sikuulizi jina. Kunywa."

Bihogo akatoka. Wengine wakamfuata.

"Ni nani huyo njo hakuuliza jina?" Sebarenzi akasema.

Libérata akamweleza: njia ya Mweso, mvua, ng'ombe mmoja, vikombe viwili. "Na mutoto wa ile siku njo huyu," akamaliza.

Sebarenzi alivua kofia. Théophile akaanza kuangalia viatu vyake.

"Mukubwa yangu, ndugu wa tumbo moja, yeye walimuuliza," akasema. "Njia ile ile. Akajibu, na hakupita."

Akanyoosha mkono kwa kikombe. Maziwa yalikuwa yamebaki nusu. Akanywa kidogo, yaliyosalia akayamwaga pale mlangoni, akavaa kofia.

"Harusi iko ile siku ya samedi tulisema," alimwambia Libérata. "Na siku ile, mama, kwa mulango yangu hakuna mutu atakaa na kaye."