Bafu la Baba Mkwe

Wifi yangu Devotha ni Mbena wa Mafinga, ana mikono migumu na mdomo usiojua kunyamaza. Hapa mtaani kwetu Mbeya wanamwita Mama Tailizi. Kazi hiyo alijifunzia kwenye nyumba yake mwenyewe. Fundi aliyemwekea tailizi sebuleni alilipua kazi, ukitembea zinalia ko, ko, ko, na nyingine zimebenuka. Devotha akamfukuza, akanunua grenda ya mtumba, akazing'oa zote akaanza upya. Alivunja nyingi, alijikata kidole, alitukana sana. Kaka yangu Gerson, mume wake, yuko Makongolosi kwenye dhahabu na nyumbani tunamwona kwa nadra. Aliporudi akakuta sebule inang'aa, akauliza fundi ni nani. Devotha akamjibu, "Unalala naye." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku hizi watu wanamwita majumbani kwao, na mafundi wanaume wanamnunia. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba yaliyotokea hayakumpata mtu asiyejua kazi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama yetu alipofariki tulimtoa baba Rungwe, tukamleta hapa kwa Gerson. Mimi nakaa chumba cha uani, kwa hiyo nilikuwepo siku zote. Baba yangu, Mzee Asukile, ni Mnyakyusa wa zamani. Kwetu, wewe na mke wa mwanao hamkutani. Hamtazamani, hamsalimiani, hamtajani majina, hata njiani hampishani. Wengi wameshaacha, hata mchungaji wetu anakula meza moja na mke wa mwanawe. Baba? Wapi! Tangu Gerson aoe, na watoto wao sasa wako sekondari, baba hajawahi kumtazama Devotha usoni. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza kwa nguvu, Devotha anakimbilia jikoni. Chakula nampelekea mimi. Devotha akiwa na neno ananiambia mimi, baba yuko nyuma ya ukuta anasikia kila kitu, halafu mimi naenda kumwambia yaleyale kama mjinga.

Sasa nyumba ina choo kimoja na bafu moja, vyote ndani. Baba akakataa katakata kuingia anapoingia mkwe wake. Akawa anaoga nyuma ya banda la kuku, maji ya baridi, mwezi wa saba, kwa baridi hii ya Mbeya! Kifua kikambana. Chooni akawa anakwenda kwa jirani, anajikongoja na fimbo yake. Siku moja akateleza nyuma ya banda, akaanguka kwenye maji yake ya kuogea. Nilipomwinua akaniambia, "Joyness, mwanangu, mwezi ukiisha nirudisheni kwangu."

Kwake wapi? Nyumba imefungwa, migomba imeota magugu, hakuna wa kumpikia hata uji. Kurudi kule ilikuwa kwenda kufa peke yake. Yeye alijua na sisi tulijua.

Devotha aliposikia alitupa mwiko. "Haendi kokote! Ile stoo tunaitoboa mlango wa nje, namwekea choo chake na bafu lake. Nikimaliza mguu wangu haukanyagi tena mle ndani. Mwambie!"

"Ameshasikia, wifi, yuko hapo dirishani."

"Mwambie wewe!"

Nikamwambia. Baba akakohoa kidogo, na mimi nikajua amekubali kungoja.

Fundi bomba akapitisha mabomba, fundi ujenzi akatoboa mlango, tailizi akaweka Devotha mwenyewe. Sakafuni alichagua zile zenye mikwaruzo, zisizoteleza. Pale bomba linapotokea ukutani alikata tundu la duara safi kabisa, ungedhani tailizi ilizaliwa nalo. Likabaki bomba moja la chuma la kufunga ukutani, mzee ashikilie akiinuka.

Asubuhi ya kulifunga nilimkuta anatoboa. Alibandika selotepu kwenye alama, kwa sababu tailizi ya ukutani inateleza na biti, ile ncha ya kutobolea, inatafuta pa kung'ata. Drili aliizimia ile hali ya kugonga kama nyundo, maana ukiigongesha tailizi inapasuka. Akawa anaikandamiza taratibu, huku anadondoshea maji kwa chupa ili biti isiungue. Nikaona waya wa drili. Uliwahi kukatika, ukaungwa, ukazungushiwa selotepu nyeusi, na umelala hapo hapo sakafuni.

"Wifi, huo waya."

"Nenda sokoni, wifi. Kabichi zitakuozea."

Nikaenda zangu Mwanjelwa kwenye meza yangu. Kufika, mizani nimeisahau nyumbani. Nikarudi huku najilaani.

Geti lilikuwa wazi. Mlangoni mwa jikoni nikaona malapa ya baba. Baba, jikoni kwa Devotha? Huko hajawahi kukanyaga hata siku moja! Nikaita, kimya. Nikakimbilia stoo.

Jamani. Jamani! Baba yangu amekaa chini kwenye maji, kichwa cha mkwe wake kiko mapajani mwake, kitambaa kimemvuka, na anampiga vibao mashavuni huku anaita, "Devotha! Devotha! Wewe Devotha!"

Jina lake! Nilisimama pale. Sikujua nimshangae aliyelala au aliyekaa. Nilidhani naota, nikajifinya mkono kweli kweli.

"Umesimama nini?" baba akanifokea. "Anapumua. Tafuta gari!"

Nilitoka mbio peku mpaka barabarani, nikaikinga bajaji kwa mwili wangu. Dereva akanitukana, halafu aliponiangalia usoni akanyamaza.

Hospitali walimshughulikia mpaka jioni, wakatwambia atapona. Kiganja kilikuwa kimeungua hadi kuwa cheusi. Alipopata nguvu akanieleza. Maji ya kupoza biti yalitiririka sakafuni mpaka pale waya ulipoungwa, na yeye amepiga magoti peku kwenye maji yaleyale. Mkono ukakaza kwenye drili ukagoma kuachia. Alitaka kupiga kelele, sauti haitoki. "Nilikuwa nasikia kila kitu, wifi," aliniambia. "Nilimsikia baba anakohoa."

Na baba naye akaniambia, usiku uleule. Alikuwa anaota jua uani. Akasikia drili inalia bila kupumzika, kisha ndoo ikaanguka. Akakohoa. Hakusikia mtu akimpisha. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Ndipo akasikia mkoromo, akatupa fimbo, akaingia jikoni kulikochomekwa drili, akachomoa plagi. Alipofika stoo Devotha alikuwa hapumui. Akamkandamiza kifua mpaka pumzi ikarudi.

"Nilikohoa, Joyness," alisema. "Mtu anakufa, mimi nakohoa."

Nilimfunika blanketi tu.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama ya matanga. Baba hali, haongei. Devotha karudi kutoka hospitali kajifungia jikoni, analia eti kamvunjia baba heshima. Yeye! Aliyenusurika kufa! Gerson akaja kutoka Makongolosi, akawa anaingia huku anatoka kule, hajui amfariji nani. Na habari zikafika Rungwe, maana za namna hii hazihitaji simu. Jumamosi baba mdogo Yotamu akashuka na gari la kukodi, Noah.

"Kaka," akasema, hata chai hajagusa, "umemshika mkwe. Umemtaja jina. Nyumba hii huwezi kulala tena. Nimekuja kukuchukua."

Mimi nikashindwa kujizuia. "Kwa hiyo angemwacha afe ndiyo heshima, baba mdogo?"

"Nyamaza wewe, wanaume wanaongea."

Nikamgeukia baba anitetee. Nikaona furushi lake limefungwa, liko miguuni pake. Amelifunga mwenyewe. Nikasema moyoni, basi, Devotha kaungua mkono bure, baba anakwenda kufia kwenye migomba.

Baba akasimama.

"Yotamu, mkwe wangu amekufa."

Gerson aliruka kutoka kwenye kiti. Jikoni sufuria ikaanguka. Mimi nikadhani mzee amechanganyikiwa.

"Amekufa," baba akarudia. "Amekufa kwenye stoo ile. Nimemgusa hapumui, mikono yangu hii ndiyo inayojua. Aliyefumbua macho baadaye huyo simjui kama mkwe. Huyo nimemzaa mimi, sakafuni pale, na alipovuta pumzi alilia kama wanavyolia watoto. Nilikuwa nafunga mzigo tangu alfajiri, najiuliza namkimbia nani. Mtoto wangu nimkimbie kwa lipi? Niambie wewe unayejua desturi."

Haki ya Mungu hata baba mdogo machozi yalimlenga, ingawa leo ukimuuliza atakataa.

Baba akageukia jikoni. "Devotha! Toka nje nikuone. Siku ile nilikuwa na hofu, sikukutazama vizuri."

Mlango ukafunguka taratibu, akatoka, mkono una bandeji, kichwa kimeinama, macho ardhini kama alivyozoea mbele yake. Mama Tailizi yule, anayewagombeza mafundi wa mji mzima, alikuwa anatetemeka. Baba akamsogelea bila fimbo, akamshika kidevu, akamwinua uso. Akamtazama, akamtazama sana, mpaka mimi nikaona aibu kuwepo.

"Kumbe una mvi, mwanangu," akasema. "Umezeeka kwangu na mimi sijui."