Sarafu za Pembe ya Chini

Clement Thirkettle na kaka yake Roland hawakuoa. Waliishi katika nyumba ya matofali waliyoachiwa na mama yao, mwisho wa kijiji kimoja cha mkoa wa Norfolk, na wote wawili walistaafu kutoka kiwanda cha sukari. Kila Jumapili, mavuno yakishapita, walibeba mashine zao za kutafutia vitu vya metali vilivyofukiwa ardhini, zinazolia zikivigundua, wakaenda shambani kwa Bi Beales. Walitembea sambamba juu ya mabua ya shayiri, hatua ishirini kati yao, kila mmoja na visikilizio vyake masikioni. Walifanya hivyo miaka kumi na minne. Walichopata ni vifungo, risasi za zamani, vipande vya plau, na siku moja pete ya ndoa ya marehemu mama yake Bi Beales. Walimrudishia, naye akawaokea keki ya tufaha.

Roland alikuwa na wimbo wake mmoja. Pembe ya chini ya shamba, kando ya mtaro, udongo ulikuwa mweusi kuliko kwingine.

"Pale pana kitu, Clem."

"Pana matope."

"Warumi walioishi huku zamani walipenda kukaa karibu na maji."

"Na wewe unapenda kuzama. Nenda, nitakuja kukuvuta na trekta."

"Siku nikipata, usiniombe hata kuangalia."

"Ukipata, kaka, nitapita mbele ya kanisa na chupi tu, nikikupigia saluti."

Wakacheka. Clement alishika njia za juu, palipokauka, na Roland hakupenda kwenda peke yake, kwa hiyo akamfuata mdogo wake. Mwaka ukaisha, na mwingine ukafuata.

Februari moja Roland alipanda ngazi kupogoa mtufaha nyuma ya nyumba. Clement alikuwa jikoni akimenya viazi. Alisikia kishindo, akadhani ni tawi.

Kifo cha namna hiyo hakipiti hivi hivi. Mwezi wa tano Clement aliitwa mjini, kwenye chumba chenye zulia la kijani, mbele ya mchunguzi wa vifo wa wilaya, bwana mwembamba mwenye sauti ya upole.

"Nani mwingine alikuwapo nyumbani?"

"Tulikuwa sisi wawili tu."

Ikaandikwa kuwa ni ajali. Dakika ishirini, akawa nje kwenye kituo cha basi.

Kiangazi kile Clement aligundua jambo lililomtia hofu. Jumatatu moja mleta barua alimsalimu, naye alipofungua kinywa sauti ikatoka imekwaruza kama mlango wa banda. Akahesabu nyuma. Tangu Alhamisi hakuwa amesema neno.

Septemba, shayiri ilipovunwa, alichukua mashine akaenda moja kwa moja pembe ya chini. Hakwenda kwa matumaini. Alikwenda kwa hasira, kama mtu anayekwenda kumalizia ubishi na mwenzake asiyeweza tena kumjibu. Alitembea saa nzima, buti zikinata. Ndipo masikioni ikaja sauti safi, nyembamba, isiyokatika.

Alichimba kwa mkono. Sarafu ya fedha, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na juu yake uso wa mtu mwenye pua ndefu. Halafu ya pili. Halafu mdomo wa chungu kilichopasuka, kimejaa.

Akavua visikilizio. "Ro!" akaita, akageuka kushoto, hatua ishirini.

Palikuwa na mabua tu.

Alijua kanuni, kwamba anayekuta hazina huacha kuchimba na kuita wataalamu; yeye na Roland walikuwa wakiwasema vibaya wanaoivunja. Hakuchimba zaidi. Alimpigia simu Harriet Yaxley, binti wa makumbusho anayeandikisha vitu vinavyookotwa mashambani.

"Usiguse tena, Bwana Thirkettle. Niko mbali, lakini ninakuja. Una mtu wa kukaa naye hapo?"

"Niko sawa."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa saa tano, akilinda shimo lisiloweza kuibiwa na mtu, maana hakupita mtu. Harriet alifika na wenzake wawili, wakapiga magoti matopeni, wakakitoa chungu pamoja na udongo wake. Sarafu mia tatu na kumi na mbili. Bi Beales alileta chai. Kwa siku tatu shamba lilikuwa na sauti za watu, kisha wakafunga vifaa vyao wakaondoka.

Katika nchi ile, hazina iliyofukiwa huamuliwa na mchunguzi wa vifo. Ni sheria ya tangu enzi ambapo dhahabu yote ya ardhini ilikuwa ya mfalme, na mchunguzi huyo ndiye aliyekuwa jicho la mfalme. Akisema ni hazina, makumbusho hupewa nafasi ya kwanza kuinunua, na malipo hugawanywa kati ya aliyeiona na mwenye shamba.

Kwa hiyo Aprili iliyofuata Clement aliitwa tena. Chumba kile kile, zulia lile lile la kijani, bwana yule yule mwembamba.

"Ulikuwa na nani shambani siku hiyo?"

"Peke yangu."

Yule bwana akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Tumewahi kuonana, Bwana Thirkettle."

"Ndiyo. Hapa hapa."

"Pole sana."

"Ahsante."

Ikaandikwa kuwa ni hazina. Safari hii zilikuwa dakika kumi na tano.

Clement aliiachia makumbusho fungu lake lote. Aliomba kitu kimoja: kadi ya kwenye kabati la kioo iseme zimepatikana na Roland Thirkettle.

Harriet aliweka kalamu chini. "Siwezi. Hakuzipata yeye."

"Angezipata miaka kumi iliyopita kama si mimi. Nilimcheka. Sikutaka kulowesha miguu."

"Najua inauma. Lakini nikiandika uongo kwenye kadi moja, kadi zote zilizobaki nani ataziamini?"

Harriet akavuta faili. "Humu lakini huwa tunaandika mahali palichaguliwaje. Nieleze, neno kwa neno." Akaandika: *Pembe hii ilipendekezwa kwa miaka mingi na marehemu kaka wa aliyezipata sarafu, Roland, kwa sababu ya weusi wa udongo.* Clement aliisoma mara mbili, kisha faili likarudi kabatini.

Siku sarafu zilipoanza kuonyeshwa palikuwa na makofi na picha, naye akaondoka mapema. Alirudi siku ya kazi, Jumanne yenye mvua. Ukumbi ulikuwa mtupu. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu mpaka mlinzi akamsogelea.

"Umezipenda, mzee."

"Nilizipata mimi."

"Haya, na mimi ndiye niliyejenga jengo hili."

Clement akacheka, na sauti ikatoka bila kukwaruza. "Kweli nakwambia. Lakini aliyejua zilipo ni kaka yangu. Yeye alikuwa akisema udongo ule..."

Redio ya mlinzi ikakoroma: alikuwa akihitajika ghorofa ya chini. "Samahani, mzee, ngoja nirudi," akasema, akashuka ngazi mbio.

Clement alingoja. Alingoja hadi ilipokaribia saa kumi, kisha akafunga vifungo vya koti na kwenda kuwahi basi.