Mlutheri wa Mtakatifu Bernardi

Mapadri waliojenga seminari ndogo ya Mtakatifu Bernardi, juu ya barabara itokayo Njombe kwenda Uwemba, waliamini kwamba mvulana atakayekuwa padri lazima kwanza aijue baridi. Wakaijenga mgongoni mwa kilima, pale upepo unapopita bila kubisha hodi. Wavulana wengi waliopita hapo hawakuufikia upadri. Wamekuwa matabibu, wafanyabiashara wa mbao, walimu. Mmoja ni hakimu. Lakini ukiwauliza shule ile ilikuwaje, hawaanzi na kanisa wala Kilatini. Wanaanza na Mama Esnath.

Esnath ni Mbena wa Kichiwa, mjane, Mlutheri tangu enzi za babu yake. Aliajiriwa kuwa matroni kwa muda tu, hadi apatikane Mkatoliki. Hakupatikana. Kila Januari hupanda lori la shule hadi stesheni ya Makambako kuwapokea watoto wa Mlimba kwenye joto, wanaoshuka kwenye treni na mashati ya mikono mifupi, meno yakigongana. Huwavalisha masweta palepale, akiwagombeza: "Mama yako alidhani unakwenda kuogelea?" Anayelia huketi naye mbele, kwa dereva.

Mwaka huu alikuja gombera mpya, yaani mkuu wa shule, Padri Justine, mtu mpole asiyesema sana, na ukimya wake ukazaa uvumi. Ikasemwa masista wanakuja, na bweni watakabidhiwa wao. Aliyeuleta uvumi huo jikoni ni Oliva, mpishi, rafiki yake Esnath.

"Ungehamia kanisani kwetu tu, wifi, yaishe."

"Nihamie, na mume wangu amelala Kichiwa na Walutheri wenzake? Akiniuliza siku ya ufufuo nitamjibu nini?"

"Mwambie ulifuata maharage yangu."

"Haya maharage yenye mawe? Atanirudisha kaburini."

Walicheka mpaka Oliva akaangusha mwiko. Lakini jioni, akikunja mashuka peke yake, Esnath hakucheka. Hakuogopa njaa, parachichi zake zinazaa. Aliogopa asubuhi ambayo hakuna mtoto atakayemwita.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Bernardi, somo wa shule. Wazazi walijaa kanisani, na gombera akaagiza Mama Esnath akae kiti cha mbele. Yeye akaona ni kiti cha kuagwa. Ndiyo maana akili yake haikuwepo ilipofika Baba Yetu. Katika misa, Wakatoliki hukomea kwenye kuopolewa maovuni, wakanyamaza; padri husali maneno yake kwanza, ndipo wote humalizia. Walutheri hawana kituo pale, huteremka moja kwa moja hadi Amina. Miaka yote Esnath alijua kuuma ulimi. Siku hiyo akasahau.

"Kwa kuwa ufalme ni wako..." ikapaa sauti yake nzito, peke yake, kanisa zima likiwa kimya.

Akatamani sakafu imfiche. Lakini kabla hajafumba mdomo, kutoka madawati ya nyuma sauti za wavulana zikadakia. Ni wale waliougua malaria, mafua na upweke, ambao alisali nao kando ya vitanda vyao. Wakaendelea naye bila kufikiri, mstari kwa mstari, mpaka Amina.

Wazazi wakageuka. Katekista akakohoa. Esnath akajua yamekwisha: kumbe hakukosea peke yake, amewakosesha na watoto wa watu.

Padri Justine alikuwa amesimama, mikono imenyooshwa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Ndugu zangu," akasema, "wenzetu wametangulia. Sisi tutafika polepole."

Kanisa likaangua kicheko, na misa ikaendelea.

Baada ya misa Esnath alijificha nyuma ya jiko, akijifanya kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Gombera akamkuta hapo.

"Mama, nani amewafundisha kusali vile?"

"Mimi, Baba. Mtoto akiwa na homa anaomba tusali. Nasali ninavyojua."

"Masista wanakuja mwezi ujao."

Esnath akaacha kusugua. "Nimesikia, Baba."

"Wanakuja kuanzisha zahanati. Walipouliza habari za bweni, nikawaambia bweni lina mama yake. Nilikuweka mbele leo ili nilitangaze hilo mbele ya wazazi. Wavulana wameniwahi."

Oliva, aliyekuwa akisikiliza dirishani bila aibu yoyote, akapiga kigelegele kilichoamsha ngoma uwanjani kabla ya wakati wake. Esnath alifuta macho kwa kanga, akamtazama gombera.

"Na Ulutheri wangu?"

"Kaa nao, Mama. Ila kwenye misa, utusubiri kidogo."

"Nitajaribu," akasema, akielekea kwenye ngoma, kiuno kimekwisha kuanza. "Siahidi."