Inchi Tatu za Kitanda cha Mama

Nilimwambia alale chini. Mbele ya kina mama wa kanisa, vikombe vya chai mikononi mwao, nilimwonyesha dalali aliyetutafutia nyumba sakafu ya chumba cha tatu nikamwambia, "Kaka, vua viatu, lala hapo, mimi nifunge mlango."

Akacheka. Akadhani natania. Sikuwa natania.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ya kuibariki nyumba. Sisi nyumba tuliyonunua hatuiiti kwetu mpaka watu waje waiombee chumba kwa chumba, na aliyeongoza maombi ni huyo dalali, maana ni mzee wa kanisa pia. Sebuleni aliomba mpaka chai ikapoa. Jikoni akaombea masufuria. Tulipopanda juu kwenye chumba cha tatu, ambacho tulikinunua kwa ajili ya mama yangu, waliingia watu wawili tu, wengine wakabaki kwenye korido kama foleni ya zahanati. Mama mmoja mzee, Mrundi, akauliza kwa nia njema kabisa, "Sasa bibi atalala wapi humu?"

Sijafungua mdomo, dalali akajibu. "Wang'oe mlango, watundike pazia. Mama zetu wamezoea pazia."

Mama zetu wamezoea. Mama yangu alikimbia vita kwetu Uvira na sisi mgongoni, akaishi kambini Kigoma chini ya turubai, na kati ya kitanda chake na watu wengine palikuwa na shuka moja limefungwa kwa kamba. Nimesoma mpaka kidato cha nne nikirudi kila siku kwenye shuka hilo. Najua jinsi mama alivyokuwa akivaa nguo akiwa amekaa, ameinama, ili kivuli chake kisionekane upande wa pili. Tulipofika Marekani akalala kwenye kochi la kaka yangu kule Woodbridge, sebuleni, watu wakipita kwenda kazini. Nilimwahidi kitu kimoja tu. Sikumwahidi bustani wala gari. Nilimwahidi chumba chenye mlango, aufunge kwa ndani.

Na kuna jambo ambalo dalali anajua vizuri, kwa sababu naye ana mama mkwe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani wakiwa na nguo za kulalia. Mume wangu akikutana na mama kwenye ngazi, hushusha macho na kumpisha. Chumba hicho kiko ubavuni mwa choo, mlango kwa mlango. Pazia hapo maana yake mama hatalala. Atakaa macho akisikiliza nyayo.

Nyumba tuliitafuta tukiwa Hyattsville, kwenye apartimenti ya chumba kimoja, sisi wawili, mapacha wetu na mtoto mchanga. Mume wangu anafanya kazi ghalani Landover, mimi natunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Mama angekuja kukaa nasi, aangalie mtoto nikiwa zamu. Dalali akatutafutia nyumba hukohuko Landover, ya ghorofa moja, na tangazo lilisema vyumba vitatu vya kulala. Kimoja chetu na mtoto mchanga. Cha pili cha mapacha na kitanda chao cha dabodeka, ukikiingiza unabaki na nafasi ya kusimama tu. Cha tatu cha mama.

Siku ya kuiona tulikosea, nakubali, na kosa letu ni adabu. Wenye nyumba walikuwa bado wanaishi humo. Chumba cha tatu tulikitazama tukiwa kizingitini. Ukutani kulikuwa na kitanda kimetandikwa blanketi la kijani mpaka sakafuni, juu yake mito mitatu na mdoli. Sasa sisi hatuingii chumba cha kulala cha mtu tukaanza kufunuafunua matandiko yake. Hatujalelewa hivyo. Hata kukaa kwenye kitanda cha mwenzio bila kuambiwa ni utovu wa adabu. Mume wangu hata kichwa hakuingiza, alisimama nyuma yangu akiangalia taa ya korido.

"Unaona?" dalali akasema. "Kitanda kimeenea. Bibi atastarehe hapa."

Nikamuuliza kama tunaweza kupima.

"Dada, kuna watu wanne wameshatoa ofa. Ukitoa futi hapa utaonekana una mashaka, watakupita."

Ukaguzi wa fundi kabla ya kununua nao akatushauri tuuruke, kwa sababu hiyohiyo. Tukauruka. Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili alikuwa anatupitishia sahani ya sadaka.

Tulipokabidhiwa funguo nilipanda moja kwa moja kwenye chumba cha mama. Blanketi halikuwepo, na kitanda hakikuwepo, kwa sababu hakijawahi kuwepo. Palikuwa na sanduku la mbao na plasta limejengwa ukutani, refu kufika mapajani kwangu, juu limeinama upande mmoja. Nililigonga, likatoa sauti ya utupu. Mume wangu akashuka ngazi, akainua mkono, akagonga dari juu ya kichwa chake.

"Ni hapa," akasema kutoka chini. "Ni dari ya ngazi hii."

Ukilibomoa ukalisawazisha na sakafu, kila mtu mzima atapanda ngazi akiwa amejikunja. Walilirushia blanketi, wakapanga mito, wakaliita kitanda, na sisi kwa heshima zetu hatukufunua.

Wiki ile tuliishi na futi mkononi. Chumba kina urefu wa futi nane na nusu. Mlango unafungukia ndani na unakula futi mbili na nusu. Zinabaki futi sita. Kitanda kidogo kuliko vyote walivyonavyo dukani, cha mtu mzima mmoja, kinataka futi sita na inchi tatu. Inchi tatu. Upana wa vidole vyangu vinne. Mume wangu aling'oa ubao wa kichwani, akang'oa na wa miguuni, akabaki na fremu na godoro, na godoro halikatwi. Tukakigeuza mshazari, sanduku likakizuia. Tukajaribu kukipandisha juu ya sanduku, nikamwangalia mume wangu, akakishusha. Mama amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Hata kiti kirefu hapandi.

Fundi alikuja, akasema mlango ukifungukia nje utamsukuma mtu kwenye ngazi. Wa kuteleza hauna pa kutelezea, upande mmoja mlango wa choo, upande wa pili reli ya ngazi. Ukabaki ule wa plastiki wa kukunja, tukauweka siku mbili. Mtoto akiegemea unafunguka, tukaurudisha ule wa zamani. Kabati halikuingia, kiti hakikuingia. Pacha wangu mmoja akasema, kwa Kiingereza chake, bibi alale kwake juu ya dabodeka. Nikatoka nikaenda kufua nguo zisizo chafu.

Nilimpigia dalali mara sita. Mara ya sita akapokea, akasema tutaongea siku ya kubariki nyumba. Ndiyo hiyo Jumamosi.

Alipoona sicheki, akavua viatu. Labda alidhani atanituliza. Akalala chali sakafuni, na suti yake, kichwa ukutani. Ni mrefu, karibu urefu wa kitanda kile. Nikausukuma mlango taratibu ukagonga nyayo zake.

"Kunja miguu," nikamwambia.

"Mama mapacha, yatosha," akasema mmoja wa kina mama.

"Hajakunja. Akunje. Mama yangu ndivyo atakavyolala, akunje tuone mpaka asubuhi."

Akainuka, anapangusa suruali, uso umebadilika. "Binti, huna shukrani. Watu wanalala kwenye magari mji huu. Mimi hilo sanduku nililijua tangu mwanzo, mwenye nyumba alinionyesha. Nilijua pia mtazoea. Kama ningesema mngeikosa nyumba."

Kwenye korido watu wakasogea mlangoni. Nafikiri hakusikia alichokisema mwenyewe mpaka alipotuona tunamtazama.

"Rudia," nikasema.

Akachukua viatu, akavivalia chini kwenye ngazi. Kina mama wakaanza kukusanya vikombe ambavyo havijaisha chai. Yule mama wa Kirundi akabaki. "Nimesikia kwa masikio yangu," akasema. "Ukiandika, niandike na mimi."

Siku chache baadaye wakaja wazee wawili wa kanisa. Walikaa kwenye kochi letu, wakanywa soda zetu, wakasema mambo ya ndani tusiyapeleke nje, ndugu yetu amekosea ulimi tu, ana watoto, leseni ndiyo mkate wake. Nikawauliza, na mama yangu, yeye ana nini? Mmoja akasema tuliombee. Mume wangu, ambaye huwa hajibu wazee, akasema, "Tulishaombea chumba. Bado ni kidogo." Wakaaga.

Mama nilimpigia mwenyewe. Kaka anahama Woodbridge mwisho wa mwezi, na kochi linahama naye. Nilimweleza yote. Akasema, "Usigombane na watu kwa ajili yangu, nitalala popote." Hilo ndilo lililonimaliza zaidi ya pazia. Nilijaza fomu kesho yake kazini, wakati wa mapumziko, nikaituma kwa tume ya jimbo inayosimamia leseni za madalali wa nyumba. Iliandikwa Kiingereza. Kwa Kiswahili inasema hivi:

Nalalamika dhidi ya dalali aliyetuwakilisha sisi wanunuzi. Alituonyesha sanduku la ngazi lililofunikwa blanketi, akatuambia ni kitanda na kwamba kitanda kimeenea. Nilipoomba kupima, alinizuia. Alitushauri tusifanye ukaguzi. Baadaye, ndani ya nyumba yetu, alikiri mbele ya mashahidi kwamba alijua tangu mwanzo. Shahidi mmoja amekubali kuhojiwa na jina lake limeambatishwa. Nimeambatisha pia picha ya tangazo, picha ya chumba kilivyo sasa, na vipimo.

Nimeambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba jambo hili limalizwe kanisani. Leseni yake haikutolewa na kanisa.

Fomu inauliza ninataka nini kifanyike. Nataka leseni yake ichunguzwe kabla hajaipeleka familia nyingine kwenye nyumba nyingine. Nataka ofisi yake ilete fundi na kulipia kazi yoyote itakayofanya chumba hicho kiingie kitanda cha mtu mzima na mlango mgumu unaofungwa kwa ndani. Kama haiwezekani, nataka waandike kwa mkono wao kwamba walituuzia nyumba ya vyumba viwili. Atakayelala humo ana umri wa miaka sitini na nane na anahamia mwisho wa mwezi huu. Nataka jibu kwa maandishi.